Maiki ya Pili

Kwaya yetu ilipoamua kurekodi nyimbo zake yenyewe, mimi nilikabidhiwa kompyuta kwa sababu moja tu: nilijulikana kuwa nafanya kazi mbele ya kompyuta. Kazi yangu hasa ni masijala. Napokea barua, nafungua majalada, natafuta jalada ambalo mkubwa wangu anaapa kwamba alilirudisha. Lakini kwa wanakwaya wenzangu pale mtaa wa Kikuyu, Dodoma, mtu mwenye kompyuta mezani ni fundi wa kompyuta, kama vile anayepanga karibu na zahanati anavyoulizwa dawa ya kichwa. Sikukataa. Nilikuwa bado mgeni Dodoma. Nilihamia na wizara kutoka Dar es Salaam, kwetu ni Muheza, na kwaya ndiyo iliyonipa watu wa kuniuliza kama nimeamka salama.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kompyuta mpakato ya kanisa, maiki mbili, hedifoni, na kiboksi cheusi cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, ambacho wenye kazi hiyo wanakiita saundi kadi. Maiki zinachomekwa kwenye kiboksi, kiboksi kinachomekwa kwenye kompyuta, sauti inaingia. Kiboksi kile alituachia mwanakwaya wa zamani alipohamia Mwanza, pamoja na sidii yake. Niliazima ofisini kifaa cha kusomea sidii, nikaingiza programu zilizokuwemo, nikajaribu maiki moja, ikashika. Nikajiona nimemaliza.

Tulikuwa tunarekodi Jumamosi mchana, ukumbini, madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo. Ilikuwa ile miezi ya baridi ambayo vumbi la Dodoma linaingia hata kwenye sukari. Mimi nilikaa mbele kabisa, nimewapa mgongo waimbaji, uso kwenye kioo cha kompyuta. Mwalimu wa kwaya, mwanamume mtulivu anayefundisha hisabati sekondari, alisimama kwenye kiti ili wote wamwone. Nyimbo mbili za kwanza tuliziimba wote pamoja kwa maiki moja iliyotundikwa katikati. Ziliingia vizuri. Tulizisikiliza mara tatu, kila mtu akitafuta sauti yake.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa kushukuru mvua, na ubeti wake wa katikati ni wa Kigogo. Ubeti huo uliimbwa na mama mmoja kutoka Zuzu, mkulima wa karanga na uwele, mwenye umri wa kunizaa ningekuwa kifungua mimba wake. Tulimwita Mama wa Zuzu. Kiswahili alikisema polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini akiimba Kigogo, watu waliokuwa wakipiga soga nje walinyamaza. Mwalimu akataka sauti yake iwe na maiki yake peke yake. Nikachomeka maiki ya pili. Ili isiokote kelele za watu waliokuwa karibu naye, niliiacha imefungwa ndani ya programu, nikapanga kuifungua kwa kubofya zamu yake itakapofika.

Zamu ikafika. Mama wa Zuzu akavuta pumzi, nikabofya, akatoa maneno mawili, na kioo changu kikageuka bluu chote. Maneno meupe ya Kiingereza yakapita haraka, kompyuta ikazima, ikajiwasha yenyewe kama mtu aliyesinzia kanisani anayejifanya alikuwa akisali.

"Umeme," akasema mwalimu.

Tukarudia. Ikazima palepale. Tukahamia soketi nyingine, ikazima. Tukaiacha itumie betri, ikazima. Nikasema labda joto, ingawa siku ile wote tulikuwa na masweta. Nikaomba feni, nikailaza kompyuta juu ya vitabu viwili ili ipate hewa chini. Mwalimu akaanzisha wimbo, wote wakaimba kwa furaha mpaka kwenye ubeti wa katikati, Mama wa Zuzu akafungua mdomo, kioo kikawa bluu.

Wiki iliyofuata nilijitahidi. Niliisafisha kompyuta vumbi kwa brashi ya kuchorea. Niliichunguza virusi, vikapatikana viwili, nikavifuta nikiamini nimewakamata wezi. Nilibadilisha waya wa kiboksi. Jumamosi, Mama wa Zuzu hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kondoa kumwangalia binti yake aliyejifungua. Tukarekodi nyimbo nyingine mbili za kuimba wote bila tatizo lolote. Nikatangaza kwamba kompyuta imepona.

Jumamosi iliyofuata akarudi kutoka Kondoa na mfuko wa machungwa kwa ajili yetu. Tukala machungwa yake. Tukaanza wimbo wa mvua. Alipofungua mdomo, kompyuta ikazima.

Katika sauti ya besi tulikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa reli, mtu wa mzaha ambaye bila yeye mazoezi yangekuwa marefu. Alikaa chini akacheka, akasema, "Huyu mama ana sauti ya kuzima mitambo."

Watu wote walicheka, na Mama wa Zuzu naye alicheka. Lakini mzaha ule ulitoka ukumbini ukaenda majumbani, na Jumatano nilipofika mazoezini ulikuwa umeacha kuwa mzaha. Mama mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba hata simu ya mwalimu iliwahi kuzima alipompigia mama yule. Mwingine akapendekeza maombi. Mwisho mwalimu akanivuta pembeni.

"Hatuwezi kukaa kwenye wimbo mmoja mpaka mwaka uishe," akasema. "Mwambie apumzike kidogo. Ubeti tutampa yule binti wa soprano, anajifunza haraka. Wewe unasikilizana naye, mwambie vizuri."

Nilimwambia. Tulikuwa tumesimama nje ya geti, akisubiri pikipiki ya kumrudisha Zuzu. Nilizunguka sana. Nilizungumzia muda, nikazungumzia ratiba, nikasema mashine zina mambo yake. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Unasema nisiimbe," akasema.

"Kwa muda tu, mama."

"Sawa, mwanangu. Kompyuta ni yenu wasomi, mnaijua." Akapanda pikipiki, akaweka kanga yake vizuri, akaondoka. Niliporudi ndani sikuweza kumwangalia mtu. Nilijua nimefanya jambo baya, ila nilijipa moyo kwamba nimelifanya kwa adabu.

Binti wa soprano alikuwa mwanafunzi wa chuo, mwenyeji wa Mbeya, na ule ubeti wa Kigogo aliukariri kwa siku tatu kwa kuuandika kwenye kiganja. Jumamosi akasimama palepale aliposimama Mama wa Zuzu, mbele ya maiki ileile. Kwaya ikaimba, zamu yake ikafika, nikabofya, akatoa neno la kwanza.

Kioo kikawa bluu.

Binti alirudi nyuma hatua mbili na kujitazama mikono. Mwalimu alishuka kwenye kiti. Mzee wa besi akafikiri kidogo, akasema kwa dhati kabisa, "Basi ni wimbo."

Hapo nilicheka mpaka nikainamia meza, halafu kicheko kikaniishia ghafla, kwa sababu nilitazama mkono wangu. Ulikuwa bado juu ya kipanya. Kila mara mtu alipofungua mdomo, mkono huu nao ulikuwa umefanya kitu, na hakuna aliyeuona kwa kuwa nilikuwa nimewapa mgongo.

"Naomba watu wote wanyamaze," nikasema. "Asiimbe mtu."

Kompyuta ilipowaka, nikafungua programu, nikaanza kurekodi ukimya. Maiki ya kwanza ilikuwa wazi. Mstari wa sauti ulitembea kwenye kioo, umenyooka, ukitikisika kidogo mtu alipokohoa. Nikahesabu mpaka ishirini. Kisha nikabofya kufungua maiki ya pili. Bluu. Hakuna aliyeimba, na ilizima.

Nilirudia mara mbili ili wote waje waone. Wakazunguka meza yangu, wanaume kwa wanawake. Binti wa soprano akashusha pumzi kama aliyetolewa hatiani mahakamani. Mara ya pili nilikuwa na simu tayari mkononi, nikayapiga picha yale maneno meupe kabla hayajapita. Nilipoikuza picha, katikati ya Kiingereza kingi nikaona herufi tatu za kwanza za jina la kiboksi chetu. Wiki tatu kompyuta ilikuwa ikitaja jina la mkosaji, na mimi, mtu wa masijala, ninayelipwa kwa kusoma yaliyoandikwa, sikuwahi kuyasoma.

Jumatatu baada ya kazi nikampelekea picha ile fundi mmoja ambaye kibanda chake kiko karibu na soko, dada wa rika langu mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi. Aliitazama picha kwa muda mfupi kuliko nilivyotumia kumsimulia.

"Kompyuta hiyo mliwahi kuiwekea Windows mpya?" akauliza.

Niliwaza. Ndiyo, mwaka uliopita katibu wa kanisa aliipeleka ikafanyiwa hivyo.

"Na hicho kiboksi, draiva mliitoa wapi?"

"Kwenye sidii yake."

Akatabasamu. "Sidii ya zamani kuliko Windows yenu. Ndiyo tatizo."

Nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mtu asiyejua, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Akasema kompyuta haijui kuzungumza na kila kifaa kinachochomekwa. Kila kifaa kinakuja na programu yake ndogo ya kutafsiri kati yake na kompyuta, na hiyo ndiyo draiva. Draiva yetu iliandikwa kwa ajili ya Windows ya miaka ile. Mambo mepesi, kama maiki moja, bado iliyaweza kwa kubahatisha. Ikiombwa maiki mbili kwa pamoja, ilikwenda kugusa sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambayo siku hizi hairuhusiwi kuguswa, na kompyuta badala ya kuharibu kazi nyingine ikaamua kujizima.

"Kwa hiyo inajilinda," nikasema.

"Inajilinda. Si mbovu, wala kiboksi si kibovu. Tafuta draiva mpya kwenye tovuti ya waliotengeneza kiboksi, usichukue kwenye tovuti za mitaani. Toa ya zamani kwanza, uzime uwashe, ndipo uweke mpya. Usiruke hatua."

Niliruka hatua. Jumanne, nikiwa na kompyuta na kiboksi nyumbani kwangu, nilipata tovuti, nikapakua draiva ya kiboksi chenye jina kama la kwetu ila namba yake ya mwisho ilikuwa tofauti, nikaiweka juu ya ile ya zamani bila kuitoa. Matokeo yake kompyuta ilikuwa bubu. Haikusikia maiki hata moja, wala haikutoa sauti ya kuamka. Nilikaa nayo mezani kwangu nikiwaza nitamwambia nini mwalimu. Kisha nikakigeuza kile kiboksi, nikasoma namba iliyochapwa chini kwa herufi ndogo, nikaiandika kwenye karatasi kama ninavyoandika namba ya jalada. Nikaanza upya. Nikatoa draiva zote mbili. Nikazima, nikawasha. Nikapakua ile yenye namba sawasawa, nikaiweka, nikazima tena, nikawasha tena.

Nikachomeka maiki zote mbili. Nikaanza kurekodi, nikabofya ya pili. Mistari miwili ikatembea pamoja kwenye kioo. Nikasubiri bluu, haikuja. Sikuwa na mtu wa kuimba, kwa hiyo nikaiimbia mwenyewe. Niliimba wimbo wa mvua wote, pamoja na ubeti wa Kigogo ambao naujua kwa kusikia tu. Jirani yangu akagonga ukuta kuniuliza kama niko salama.

Nilimpigia mwalimu. Akasema, "Basi tumemkosea yule mama."

"Tumemkosea."

"Simu haitoshi. Twende."

Tulikwenda Zuzu Jumamosi asubuhi. Mzee wa besi alisikia safari, akaja stendi amevaa koti lake la ibada. Hatukumwalika. Njia nzima hakufanya mzaha, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko baridi.

Tulimkuta uani kwake, juu ya mkeka, anabangua karanga. Mzee akatangulia na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," yeye akaitika, nami nikampa shikamoo. Alitutandikia mkeka mwingine, akatuwekea sinia la karanga katikati bila kuuliza kilichotuleta, na kwa kuwa mikono haiwezi kukaa bure mbele ya karanga, sote tukaanza kubangua.

Mwalimu alisema yake. Halafu mimi nikasema yangu: kwamba kosa lilikuwa la programu ya zamani niliyoiweka mimi, kwamba kompyuta ilizima kwa kidole changu, na kwamba nilimwambia asiimbe kabla sijaangalia mkono wangu mwenyewe ulikuwa unafanya nini. Nikamwomba radhi.

Akaendelea kubangua. "Mimi nilijua si mimi," akasema.

"Ulijuaje, mama?"

"Niliporudi siku ile, sikulala vizuri. Nikasema, isije ikawa kweli. Asubuhi nikachukua simu ya binti yangu mdogo, nikaiweka juu ya kinu, nikaiimbia. Ubeti wote. Nikausogeza mdomo karibu, nikaimba tena kwa nguvu, mpaka kuku wakatoka uani. Simu haikuzima. Nikachukua redio. Nayo haikuzima." Akatupa maganda pembeni. "Nikasema, basi ni huko kwao."

Mwalimu akauliza, "Kwa nini hukutuambia?"

"Hamkuniuliza. Mlikuja kuniambia."

Mzee wa besi akavua kofia. Alisema mzaha wake ndio uliozaa maneno, kwamba aliusema bila kufikiri na watu wakaupokea kama habari, na kwamba Jumatano ijayo atasimama mbele ya kwaya nzima aurudishe mdomoni mwake. Alikuwa mtu mzima, na kumwona akitafuta maneno hivyo kulinigusa.

Mama wa Zuzu akamtazama. "Usisimame Jumatano. Simama leo. Leo si Jumamosi?" Kisha akanigeukia. "Nitakuja. Lakini nataka kukaa hapo unapokaa wewe, nikione hicho kidude kilichonisingizia."

Mchana tulikuwa ukumbini. Mzee alisimama akasema alichoahidi, kwa maneno machache, na yule mama aliyependekeza maombi akatazama chini. Baadaye nilimwona akimpelekea Mama wa Zuzu chai. Halafu nikamkalisha Mama wa Zuzu kwenye kiti changu, nikamvisha hedifoni. Nilimwonyesha maiki ya kwanza, maiki ya pili, mahali pa kubofya, mstari unaotembea mtu akisema. Mzee wa besi akasema "haloo" kwenye maiki ya pili, Mama wa Zuzu akaona mstari unaruka. Mama alimwomba mzee aseme tena, kwa nguvu. Akamwomba aimbe kidogo. Alimwimbisha besi peke yake mbele ya watu wote kwa dakika nzima, uso wake ukiwa mkavu kabisa, mpaka mwalimu akageukia ukutani mabega yakimtikisika.

"Haizimi," akatangaza. "Hata kwake haizimi."

Safari hii niligeuza meza ili niwatazame waimbaji. Wimbo ukaanza. Zamu ya Mama wa Zuzu ilipofika, nilibofya, na nilimwona kila mtu anatazama kompyuta badala ya kumtazama mwalimu. Yeye alifumba macho tu. Aliimba ubeti wote mpaka mwisho, na mwisho ule alioushikilia ulikuwa mrefu kuliko tulivyofanya mazoezini, kwa hiyo sisi wengine tukachelewa kuingia, mwalimu akapunga mikono, tukaingia vibaya. Tulirudia mara nne kwa makosa yetu wenyewe. Hakuna aliyelalamika.

Tulipomaliza, alikuja kusikiliza. Alikaa na hedifoni, mikono magotini. Wakati wa ubeti wake niliona midomo yake ikitembea. Wimbo ulipokwisha hakuzivua. Nilimgusa bega nikamuuliza kama kuna kasoro.

"Hakuna kasoro," akasema. "Mama yangu alifariki nikiwa bado nabeba wadogo zangu mgongoni. Sikujua kama nina sauti yake." Kisha akanielekeza kidole kwenye kioo. "Irudishe mwanzo."

Niliirudisha mwanzo. Wenzetu walikuwa wanakunja viti, mwalimu anatafuta ufunguo wa ukumbi. Nikavuta kiti kingine, nikakaa karibu yake, tukasikiliza.